Bibi Futi Hupima Wote

Jumatatu, 3 Machi
Mvua ya kwanza imeshuka leo saa nne asubuhi, nikiwa kwa Kinyozi na nusu ya kichwa tayari imenyolewa. Umeme ukakatika, mashine ikanyamaza, nami nikakaa dakika arobaini na kichwa cha watu wawili.

"Mwalimu, vumilia," akasema Kinyozi. "Ukitoka hivi watasema uzee umekupanda upande mmoja."

Hapo ndipo Katibu wa kamati ya mtaa aliponikuta. Ni binti mwepesi wa miguu, hutembea na mafaili kwapani kama mwenzake anavyobeba mwavuli. Kila mwaka mvua zikiisha, kamati huwaheshimu watu watatu wanaowahudumia watoto na familia zenye shida. Mwaka huu wanataka mimi niandike wasifu wa kila mmoja, nusu ukurasa, na niusome ukumbini. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka kumi na minane, na watu hudhani mwalimu mkuu mstaafu ni mtu anayekaa barazani akisubiri kutumwa. Hawajakosea sana. Nimekubali.

Watatu hao ni Kocha, anayewafundisha kuogelea watoto wanaoshinda sokoni. Mpishi wa hospitali, anayewalisha watoto wanaouguza wazazi wao. Na fundi cherehani ambaye mtaa mzima humwita Bibi Futi, kwa sababu ya ile futi ya kitambaa isiyotoka shingoni mwake. Huwashonea sare watoto wasio na uwezo. Kazi ya wiki mbili, nimemwambia Katibu.

Daftari hili nimepewa na mjukuu wangu. Ni la hesabu, lina vijumba, na maneno yangu yamekaa ndani yake kama wafungwa.

Jumatano, 5 Machi
Kocha amekwisha. Amenipa majina thelathini na moja ya watoto walio tayari kumshuhudia, wote wakipiga kelele kwa pamoja.

Ijumaa, 7 Machi
Mpishi naye amekwisha. Mvua. Goti la kushoto linajua mvua kabla ya redio.

Jumatatu, 10 Machi
Leo nimekwenda kwa Bibi Futi. Chumba chake kinatazamana na lango la shule yangu ya zamani. Ukikaa kwenye cherehani yake, dirisha linakupa lango lote, kuanzia nguzo hadi kengele. Nimepita hapo maelfu ya mara na sijawahi kuingia.

"Karibu, Mwalimu. Kaa hapo. Si hapo, hapo kuna pini."

Nieleze kazi yake, maana ina akili kuliko nilivyodhani. Sketi au suruali ya kawaida ina upindo wa vidole viwili. Yake ina upindo wa shibiri nzima, uliokunjwa mara mbili na kupigwa pasi hadi usionekane. Mtoto akirefuka, upindo hushushwa. Akimaliza darasa, nguo hurudi, hufumuliwa na kushonwa upya kwa ajili ya mwingine, na kila mtoto aliyeivaa huachiwa fundo moja la uzi mwekundu ndani ya upindo, mahali pasipoonekana. Amenionyesha sketi moja yenye mafundo saba. Kwa nje ungeapa imetoka dukani jana.

"Na vipimo?" nikauliza. "Unavipataje bila mtoto kuonekana anakuja hapa?"

"Siku ya kwanza ya kila muhula navuka barabara, nawapima wote."

"Wote mia nne?"

"Mia nne na kumi na wawili. Mabega, kiuno, urefu. Wa tajiri, wa maskini, wa mwalimu. Mjukuu wako nilimpima Januari. Ana bega moja juu, mwambie asibebe mfuko upande mmoja."

"Sasa kwa nini wote, Bibi? Si ungewapima wale wenye shida tu?"

Aliniangalia kama ninavyowaangalia watu wanaogawanya kwa sifuri. "Nikipima wanne, wanne watajulikana."

Nikatoa fomu ya kamati. Inataka mashahidi watatu walionufaika, majina kamili, watakaosimama ukumbini.

"Basi sina," akasema, akarudi kwenye mshono wake. "Mwandikeni Kocha mara mbili. Anapenda kupigiwa makofi."

Jumanne, 11 Machi
Mvua. Goti. Supu.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwomba Katibu alegeze sharti. Amenionyesha ukurasa wa kanuni na kidole chake juu ya mstari. "Mwalimu, si mimi. Ni karatasi. Bila mashahidi, jina linatoka, na orodha inafungwa mwisho wa Aprili." Karatasi ya aina hiyo niliiandika mimi mwenyewe mara nyingi enzi zangu, na sasa naona ladha yake.

Wakati wa chakula cha usiku nikamweleza mkwe wangu. Ndiye anayeiendesha nyumba hii tangu mwanangu apate kazi ya mbali. Asubuhi yuko posta nyuma ya kioo, jioni yuko jikoni, na maneno yake huyapima kama barua.

"Baba, Bibi Futi akimsaidia mtu vizuri, mtu huyo hajulikani. Sasa wewe unatafuta nini?"

"Natafuta watatu tu."

"Waache," akasema, akanisogezea chumvi ambayo sikuiomba.

Jumapili, 16 Machi
Naandika aibu yangu. Siku tatu hizi nimekuwa natazama miguu ya watu. Nikiona mtoto wa shule, macho hushuka kwenye upindo. Nikiona kijana aliyesoma pale, najiuliza. Mke wa mwuza vyuma alisimama leo njiani na kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nimeangusha kitu.

Jumatano, 19 Machi
Nimeamua kufanya jambo hili kwa utaratibu. Nimeandika tangazo, mwandiko wa ubaoni, nakala sita: moja lango la shule, moja kwa Kinyozi, nyingine nne sokoni.

"Wote waliowahi kupata sare kwa msaada wa Bibi Futi wanaombwa wafike nyumbani kwa Mwalimu Mkuu mstaafu, Jumamosi saa mbili asubuhi, kuandikisha majina kwa ajili ya kumheshimu mfadhili wao."

Nililisoma mara tatu. Sarufi safi. Kinyozi alilibandika ukutani, akarudi nyuma, akajikuna shingo. "Limekaa sawa, Mwalimu. Lakini mimi ningekuwa mmoja wao, nisingekuja."

"Kwa nini?"

"Sijui. Linanifanya nitazame kama suruali yangu ina kiraka."

Nikadhani anatania.

Jumamosi, 22 Machi
Viti vitatu barazani. Chupa ya chai. Kalamu mbili. Kuanzia saa mbili hadi saa sita. Alikuja Kinyozi peke yake, akanywa chai yote.

Jumatatu, 24 Machi
Sijui nianze wapi, kwa hiyo nitaanza alipoanza mjukuu wangu. Amerudi shule saa tisa, amelowa, ametupa mfuko (alioubeba bega lilelile) na kusema, "Babu, rafiki yangu wa dawati hajaja leo. Na yule wa mbele hajaja. Mwalimu amesema labda homa ya mvua."

Nikachukua mwavuli.

Bibi Futi alikuwa ameketi, cherehani imenyamaza. Kwa miaka yote niliyoishi jirani na chumba kile sikumbuki kukisikia kimya. Juu ya meza ya kukatia kulikuwa na vifurushi tisa, kila kimoja kimefungwa kwa gazeti.

"Nimevikuta mlangoni asubuhi," akasema. "Vimefuliwa. Vimepigwa pasi. Kimoja bado kina joto."

Nikashika sketi ya juu. Ilikuwa ndogo, ya mtoto wa darasa la pili au la tatu. Mtu aliamka alfajiri akaipiga pasi ili airudishe.

"Tangazo lako limeandikwa vizuri," akaendelea. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. "Wazazi wamelisoma. Wakaona keshokutwa watoto wao watasimamishwa ukumbini waonyeshwe. Tisa wamerudisha. Na mtihani wa muhula ni wiki ijayo, Mwalimu. Bila sare hawawatumi, hata kama shule siku hizi inawaruhusu. Si lango linalowazuia sasa. Ni macho."

Nikasema samahani. Neno hilo lilitoka dogo sana. Nikasema nitabandua matangazo, nitazunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi.

"Nyumba zipi?"

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yake yote. Hakuna aliyejua ni nyumba zipi isipokuwa yeye, na mimi nilitaka kuibomoa kazi hiyo kwa karatasi sita na gundi, ili nimpe tuzo.

"Bibi," nikasema, "ulianzaje kazi hii?"

Akaelekeza kidole dirishani, kwenye lango. "Ulianza wewe."

Akanieleza. Mwaka wangu wa pili nikiwa mkuu, nilisimama pale langoni asubuhi moja ya mvua kama hii na kuwarudisha nyumbani watoto kumi na mmoja wasio na sare kamili. Yeye alikuwa dirishani anashona mapazia ya mtu. Aliwahesabu wakipita.

Nimejaribu kuikumbuka siku hiyo. Siikumbuki. Naandika jambo hili polepole ili nilione vizuri: siikumbuki kwa sababu zilikuwa siku nyingi. Nilikuwa nikiamini kwamba sare inafuta tofauti kati ya mtoto na mtoto, na niliwaeleza wazazi hivyo, kwa mifano. Sikuwahi kujiuliza inamfanyia nini asiyenayo.

"Ulinichukia," nikasema.

"Miaka miwili. Halafu nikawa na kazi nyingi."

Kisha, naapa, alicheka. Cheko fupi, la puani. "Mwalimu, usiniangalie hivyo, unanilowesha kitambaa. Huo mwavuli wako unachuruzika kwenye sketi."

Jumanne, 25 Machi
Nimebandua yote sita. Lile la kwa Kinyozi liling'oka na rangi ya ukuta. Sikulala vizuri, nikawa nageuza swali moja, kama mtoto anavyogeuza hesabu iliyomkataa: nawafikiaje tisa nisiowajua, bila kuwajua?

Jibu lilikuja saa moja asubuhi, nikiwa nimeshika kikombe. Yeye mwenyewe alikwisha kunipa. Wapimwe wote.

Jumatano, 26 Machi
Mwalimu mkuu wa sasa alikuwa msaidizi wangu. Amenisikiliza, akatabasamu kwa namna ambayo labda ameisubiri miaka mingi, akasaini. Tangazo jipya, mwandiko uleule:

"Watoto wamerefuka na mvua imeharibu pindo. Jumamosi hii sare ya KILA mtoto wa shule, bila kubagua, iletwe imefuliwa kwa Bibi Futi, ukumbi wa shule, ishushwe upindo. Jumatatu kila mtoto aje na nguo za nyumbani. Sare zitagawiwa darasani, zote, siku moja."

Nilimpelekea Bibi Futi kwanza, kabla ya kubandika. Alilisoma huku pini ziko mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Hapo kwenye 'kila', umeandika kwa herufi kubwa."

"Ndiyo."

"Vizuri. Mwaka huu umejifunza kitu."

Kinyozi alipolibandika hakujikuna shingo. Ila aliuliza nani atapaka rangi ukuta wake.

Ijumaa, 28 Machi
Mvua mchana kutwa. Ninaogopa hawataleta.

Jumamosi, 29 Machi
Wameleta.

Saa mbili kasoro robo foleni ilishapita kona ya duka la dawa. Mifuko, mabeseni, mwingine amebeba sare ndani ya sufuria yenye mfuniko ili isilowe. Bibi Futi aliketi mlangoni na daftari lake la vipimo, lile asomalo yeye peke yake. Kila nguo akaiandika namba kwa chaki, bila jina, na kuirusha kwenye lundo. Vile vifurushi tisa alivileta yeye mwenyewe alfajiri, vikaingia chini ya lundo, na saa mbili na nusu hata mimi nisingeweza kuvipata tena.

Mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la vyuma, mtu ambaye watoto wake huvaa viatu vinavyowaka taa, alifika na sketi mbili kwenye hanga. "Mimi pia?" akamwuliza Bibi Futi, kama anayetarajia kusamehewa.

"Binti yako amerefuka vidole vitatu tangu Januari," akamjibu bila kuinua kichwa. "Unamlisha nini? Weka hapo. Hanga rudi nayo."

Mafundi wa sokoni walikuja na cherehani zao juu ya mikokoteni, zimefunikwa turubai, wakisukumana na kutaniana matopeni. Nilihesabu kumi na nne. Walikuwa wapinzani, kila mmoja humsema mwenzake kwamba hajui kola. Kufikia saa nne ukumbi ulikuwa unanguruma, na ukitaka kumwuliza mwenzako kitu ilibidi upige kelele.

Mimi nilipewa kiwembe na kazi ya kufumua.

"Fumua, Mwalimu, usichinje," akanikemea Bibi Futi alipopita.

"Nafuata mshono."

"Unafuata mshono kama mtu anayefuata deni. Polepole."

Nikafumua pindo sitini na mbili. Nyingi zilikuwa tupu ndani. Lakini kila baada ya muda, nikifungua mkunjo, nilikutana na mafundo mekundu. Mawili. Matano. Suruali moja ilikuwa nayo tisa, yamejipanga kama watoto kwenye mstari. Namba za chaki hazikunieleza lolote, na wiki moja iliyopita ningetoa jino kujua ni za nani. Leo nilipoyaona nilifunika upindo kwa kiganja, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha kuogea kwa bahati mbaya, nikampa fundi wa pili.

Mkwe wangu alikuja baada ya zamu yake ya posta, akakunja mikono ya blauzi, akashika pasi. Alipiga pasi saa tano mfululizo. Sikujua kwamba anajua kunyoosha marinda ya sketi ya shule kwa kasi ile, bila hata kutazama.

Tulimaliza saa kumi na mbili. Mgongo umekataa kunyooka. Nimefurahi kupita kiasi na siwezi kueleza kwa nini, mimi ninayeeleza kila kitu.

Jumatatu, 31 Machi
Mjukuu wangu amerudi mbio. "Babu, rafiki yangu amerudi. Leo wote tumeenda na nguo za nyumbani, yeye alikuja na gauni la njano. Kisha tukagawiwa sare. Yangu sasa inafika hapa."

"Na wa mbele?"

"Naye yupo. Kwa nini unapenga kamasi?"

"Mvua hii," nikamwambia.

Jumanne, 8 Aprili
Shule imefungwa. Mtihani mjukuu wangu amefaulu, isipokuwa hesabu. Nimemwambia ni kwa sababu daftari lake ninalo mimi.

Jumatatu, 14 Aprili
Bado sharti la mashahidi. Leo nimepeleka fomu kwenye kikao cha kamati. Pale palipoandikwa "majina ya walionufaika" nimeandika "tazama kiambatisho", na kiambatisho ni orodha nzima ya shule, watoto mia nne na kumi na wawili, kwa mkono, siku sita za kuandika.

Katibu akafungua. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa tisa. "Mwalimu, hawa ni shule yote."

"Wote amewapima. Wote sare zao zimepita mkononi mwake. Kuna aliyeandikwa kwa uongo?"

Mwenyekiti akavuta karatasi, akatafuta kwa kidole hadi akalipata jina la binti yake. "Hapana," akasema. "Huyu ni shahidi wa kweli. Vidole vitatu."

Katibu aliinamia ukurasa wa kanuni, akausoma wote, midomo ikicheza. "Inasema 'wasiopungua watatu'," akasema hatimaye. "Haisemi wasiozidi wangapi." Na akapiga muhuri kwa nguvu hadi kalamu zikaruka.

Jumanne, 15 Aprili
Nimempelekea Bibi Futi habari. Ametoa masharti mawili. Hatapanda jukwaani peke yake, na mimi nisimlize mbele za watu. Nimekubali la kwanza.

Jumapili, 20 Aprili
Rasimu ya nne. Sentensi ndefu mno.

Alhamisi, 24 Aprili
Rasimu ya saba. Nimeona kasoro yake: nimeeleza upindo, vipimo, mafundo, na kila mtu yumo isipokuwa mtu mmoja. Kama nitasema alianza kazi hii bila kusema kwa nini, nitakuwa nimeficha sababu, na sababu ni mimi. Niliwahi kuwachapa watoto kwa kuandika insha isiyo na chanzo.

Nimemwomba mkwe wangu asome. Alisoma wima, karibu na dirisha. Alipofika kwenye lango na watoto kumi na mmoja alikaa chini. Alimaliza, akaikunja, akanirudishia.

"Baba, utalisoma hili mbele ya mtaa mzima?"

"Ndiyo."

"Basi nitakupigia pasi koti."

Jumatano, 30 Aprili
Mvua imepungua. Kuna jua la dakika chache, kama mtu anayechungulia. Kinyozi amepaka ukuta rangi mwenyewe, amepaka na kiti.

Jumamosi, 3 Mei
Sherehe imefanyika. Naandika jioni, viatu bado mguuni.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kocha alipokea tuzo yake akiwa ameinua mikono kama amefunga bao. Watoto wake thelathini na mmoja walipiga filimbi hadi Katibu akaziba masikio. Mpishi alilia, akacheka, akauliza kama watu wamekula. Kisha likaja jina la tatu.

Bibi Futi alikuwa safu ya kwanza, gauni la kijani, futi shingoni. Alisahau kuivua au alikataa, sikumwuliza.

Nikasoma. Niliposema, "Kazi hii ilianza asubuhi moja ya mvua, siku mwalimu mkuu wa shule hii aliposimama langoni akawarudisha nyumbani watoto kumi na mmoja, na mwalimu huyo ni mimi," nikasikia matone kwenye mabati. Kwa miaka yangu yote ya kusimama mbele za watu, sijawahi kutaka ardhi inifungulie mlango kama dakika ile. Kisha sauti ya Kinyozi ikatoka nyuma: "Endelea, Mwalimu, tunakusikia."

Nikaendelea. Nikaeleza upindo wa shibiri. Nikaeleza kwamba anawapima wote ili asijulikane hata mmoja. Nikafika mwisho, mahali kanuni inapotaka mashahidi:

"Kwa hiyo hatutamwita mtu kwa jina. Nawaomba wasimame wote ambao mkono wa Bibi Futi umewahi kupita kwenye..."

Sikumaliza. Mkwe wangu alikuwa amekwisha kusimama.

Alikuwa safu ya nne, peke yake, wima, mikono ubavuni kama watoto wanavyosimama kwenye mstari wa asubuhi. Kwa muda wa pumzi moja alikuwa yeye peke yake katika ukumbi mzima. Kisha mjukuu wangu akasimama kando yake, na rafiki wa dawati, na Mwenyekiti, na binti wa Mwenyekiti, na mafundi kumi na wanne, na Kinyozi ambaye hajasoma shule ile wala hana mtoto, na baada ya hapo viti vilikuwa vinalia sakafuni kila upande na hakuna aliyekuwa amekaa ila mmoja.

Mkwe wangu alisoma kwangu miaka sita. Nimejaribu kukumbuka siku hata moja aliyokosa sare kamili, na sikumbuki. Nilimposea mwanangu nikiwaambia watu alikuwa mtoto nadhifu kuliko wote. Nilimtazama, naye akanitazama, na nikashusha macho kwenye karatasi yangu, ingawa hapakuwa na kitu kilichobaki cha kusoma. Sikumwuliza, na sitamwuliza.

Bibi Futi aligeuka kitini, akatazama watu wote wale waliosimama.

"Kaeni," akasema. "Mnaziba hewa."

Hakukaa mtu. Ikabidi asimame yeye, na hapo ndipo makofi yalipoanza, na sijui yaliisha saa ngapi kwa sababu saa yangu iko mkono wa kulia na nilikuwa nautumia. Walimpandisha jukwaani ukumbi mzima ukiwa nyuma yake kwenye ngazi, hivyo sharti la kwanza lilitimia. La pili nililivunja kabisa. Alipita karibu yangu akifuta macho kwa ncha ya futi. "Ulikubali moja tu," akasema. "Niliona."

Tuzo yenyewe ni kipande cha kioo kizito chenye kitako cha mbao. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumatatu, 5 Mei
Shule imefunguliwa. Jua kali, matope yanakauka na kupasuka vijumba vijumba, kama daftari hili ambalo limebakiza ukurasa mmoja.

Nilipita kwa Bibi Futi saa moja kumbebea daftari la vipimo. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimetandazwa mezani, mita nyingi, na katikati yake, kikikizuia kisiteleze, kile kioo cha heshima.

"Miaka yote nilikuwa natumia tofali," akasema. "Hiki hakiachi vumbi."

Tukavuka barabara. Akaniweka langoni, mahali palepale, kati ya nguzo na kengele, na kuniambia nipange mstari. Wakaja kwa makundi, wakipiga kelele, nikawapanga kwa urefu kama zamani. Mjukuu wangu alipita na mfuko mgongoni, mikanda yote miwili. Karibu na mwisho akaja binti mdogo, mgeni, ameshikwa mkono na mama yake. Alikuwa na gauni la nyumbani lenye maua, na viatu vilivyofungwa kwa uzi. Wakasimama hatua tatu kutoka kwangu. Mama akaanza, "Mwalimu, samahani, sare bado hatuja..."

"Shikamoo," akasema mtoto, akitazama chini.

"Marahaba. Ingia, mjukuu wangu," nikamwambia. "Mstari ni ule pale. Leo mnapimwa wote."